Ijumaa Isiyo na Mwonjaji

Tulipoachana wiki iliyopita, Gaudensia alikuwa mlangoni mwa jiko la pai la mtaa wa Nyakato, Musoma, saa moja na robo asubuhi, mkono mmoja ameuegemeza kwenye fremu. Alikuwa ameuliza swali moja.

"Dada, nyama ya leo ameionja nani?"

Faudhia alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alimaliza kufunga, akauma ncha ya kitambaa kwa meno, akakaza fundo. Ndipo akasema alidhani ameionja yeye, Gaudensia, kama siku zote.

Gaudensia akamkumbusha kwamba leo ni Ijumaa.

Hakuna aliyepiga kelele. Faudhia aligeuka kutazama barabarani, mahali gari la pai lilipokuwa limeegeshwa. Palikuwa patupu. Gari lilikuwa limeondoka robo saa iliyopita.

Msomaji unayeingia leo, usipate shida. Faudhia, ambaye mjini Musoma wanamwita Mama Najat, amepika pai za nyama kwa miaka kumi na moja. Alianza na meza moja na tanuri la mkaa. Sasa kuna maduka matatu yenye jina lake, moja Musoma, moja Bunda na moja Butiama. Wauzaji wa Bunda na Butiama wanatumia jina lake, wanavaa kofia zake nyekundu, na hawaruhusiwi kutengeneza pai yao wenyewe. Zote zinatoka jiko hili. Zinasafiri mbichi kwenye makasha ya barafu, zinaokwa dukani mbele ya mnunuzi. Zikishabanwa kingo kwa uma hazifunguliwi tena. Kilichomo kimo.

Mkono wake wa kulia umechoka kuliko yeye mwenyewe. Daktari alimwambia mwezi wa kumi na moja aache kukanda unga, la sivyo utafika wakati hataweza kushika hata kikombe. Akaacha siku nne, akarudi.

Ndipo ikaja kampuni ya Mwanza. Wao wana mashine ya kukanda na gari lenye jokofu, na wanataka kufungua maduka mengine tisa kwa jina la Mama Najat. Sharti lao lilikuwa moja. Mkaguzi atapita maduka yote matatu kwa siku moja, atakula pai moja katika kila duka, na pai zote tatu lazima ziwe pai ileile. Akikuta tofauti, kampuni inaondoka na mashine yake, na Faudhia anabaki na mkono wake.

Mkaguzi anaitwa Luhende. Siku aliyoipanga ndiyo leo.

Sasa turudi kwenye nyama.

Mwezi wa Ramadhani, jikoni mle, kuonja ni kazi ya Gaudensia. Faudhia anafunga, binti yake Najat anafunga, na wanawake wawili wanaobana kingo wanafunga. Gaudensia ni Mkatoliki, mtoto wa wavuvi wa Majita, yeye anakula mchana. Na kwa sababu anayeonja ndiye anayejua kimepungua nini, chumvi huitia yeye. Faudhia hutia vitunguu, pilipili manga, tangawizi na binzari, kisha husogea pembeni. Hakuna aliyewahi kuuandika utaratibu huo. Haukuhitaji kuandikwa.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeingia wiki moja. Leo ni Ijumaa ya kwanza. Ijumaa ya Kwaresima Gaudensia hatii nyama kinywani, hata ya kuonja.

Faudhia alidhani Gaudensia ameshatia chumvi. Gaudensia akasema yeye alidhani Faudhia, mtu wa mahesabu, amekumbuka na ameitia mwenyewe kwa kipimo. Ikaonekana kila mmoja alimwamini mwenzake. Nyama ikapoa, ikafungwa, ikaondoka.

"Labda ulitia bila kukumbuka," Gaudensia alisema.

Faudhia akasema huenda. Alikuwa ameamka saa nane kwa ajili ya daku na hakurudi kulala. Mtu wa namna hiyo anaweza kutia chumvi mara mbili, anaweza asitie kabisa. Kwenye sufuria kulikuwa kumebaki nyama kiasi cha bakuli moja. Jibu lilikuwa mle ndani, na jikoni kulikuwa na wanawake watano ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kulila.

Najat akashauri wapige simu gari ligeuke. Faudhia akasema ligeuke kwa sababu gani, nao hawajui kama kuna kosa? Likichelewa Bunda na kumbe pai ni nzima, watakuwa wameharibu kwa mikono yao. Kwanza wajue.

Basi wakamwita Makongoro.

Makongoro ni jirani, fundi baiskeli, Msabato. Alikuja akijifuta grisi, akaelezwa shida, akacheka mpaka akakaa chini.

"Yaani hawa wamefunga, huyu amejinyima, mkaona mtafute Msabato," alisema. "Haya, leteni. Kumbe na sisi tuna kazi mjini hapa."

Alichota kijiko. Akatafuna akiwa amefumba macho. Akachota cha pili bila kuambiwa.

Faudhia akamuuliza chumvi ikoje.

"Ipo."

"Ipo kiasi, au ipo kidogo?"

"Mama Najat, ipo. Imekolea. Kwangu mimi hii ni tamu mno." Akachota cha tatu.

Najat akashika kifua. Gaudensia akafanya ishara ya msalaba, kisha akaanza kuosha masinia. Faudhia alimshukuru mzee, akarudi kukaa kwenye ndoo yake. Hakuwa na furaha wala wasiwasi. Alitaka tu dakika kumi za kutoulizwa kitu.

Gari likaachwa liende zake. Likapita Makutano, likashusha kasha la Butiama, likashika njia ya Bunda.

Saa nne kasoro robo, Boke akaingia.

Boke ni mke wa Makongoro. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, akataka kujua nani amempa mume wake nyama. Akaendelea mwenyewe. Mzee ana presha. Hospitali wamemkataza chumvi, huu mwaka wa pili. Nyumbani kwake kila kitu kinapikwa chapwa, mboga chapwa, maharage chapwa, na yeye Boke amejinyima ili mwenzake asijisikie mpweke mezani. Halafu leo mzee anarudi anajilamba, anasema amekula nyama ya chumvi kwa Mama Najat.

Faudhia alisimama taratibu.

"Miaka miwili hajaonja chumvi?"

"Miwili. Huyo sasa hivi hata ukimpa maji ya kunde anasema umezidisha."

Gaudensia aliacha sinia likateleza ndani ya beseni.

Faudhia alilichukua bakuli, akaenda nalo bombani nyuma ya jiko, mahali pasipo na mtu. Masheikh wanasema mpishi akihitaji anaweza kugusisha chakula ulimini, akatema, na saumu yake ikabaki. Faudhia alijua hivyo tangu msichana. Hakuwahi kufanya. Mama yake mzazi hakuwahi kufanya, na yeye aliona ni bora atafute mtu wa kuonja kuliko kuanza kupima mipaka.

Leo aligusisha kwa ncha ya ulimi. Akatema. Akasukutua mara tatu, akatema mara tatu.

Aliporudi walikuwa wamesimama vilevile, Boke pamoja nao.

"Hakuna," alisema.

"Hata kidogo?" Najat aliuliza.

"Hakuna."

Alimpigia simu Yunusu, muuzaji wa Bunda. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena, ikaita ikakatika. Mara ya tatu Yunusu alipokea, akaongea kwa sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Akasema mgeni alifika nusu saa kabla ya muda. Yuko mezani.

"Ameshakula?"

"Amekula nusu, mama. Nusu nyingine ameifunga kwenye karatasi."

"Amesema nini?"

"Hasemi. Anaandika. Nikamletea pilipili akaisukuma pembeni, akasema anataka pai peke yake." Yunusu alisita. "Kuna tatizo? Mimi nimefunga, sijui ndani kuna nini."

Faudhia akamwambia hakuna tatizo, asimsemeshe mgeni, na wateja wengine wakilalamika awape chumvi pembeni baada ya mgeni kuondoka. Akakata.

Bunda ilikuwa imekwenda.

Kabla hajaweka simu mezani, ikaita. Ni Butiama. Muuzaji wa huko aitwaye Kwangu, kijana wa watu mwenye mke na watoto watatu, hodari kuliko wote, alikuwa anaongea haraka. Wateja wawili wamerudisha pai. Mmoja mwalimu, mwingine dereva wa bodaboda, huyo bodaboda amemuuliza kama chumvi imepanda bei kuliko nyama. Lakini mama asihangaike, yeye ameshaokoa hali. Amekoroga chumvi kwenye yai, amepaka juu ya pai kabla ya kuoka, ameonja, zimekaa vizuri kabisa. Mgeni akija saa saba atakuta kitu cha uhakika.

Jikoni wote walisikia, maana Kwangu akifurahi simu haihitaji spika. Najat akatabasamu. Boke, ambaye sasa alikuwa ameshakaa kwenye kiti, akasema huyo kijana ana akili.

Faudhia aliuinamisha uso. Aliuweka mkono wenye kitambaa juu ya paja.

"Kwangu," alisema. "Hizo ulizopaka yai la chumvi, ziondoe."

"Mama, hizi ndizo zenye ladha."

"Ziondoe. Mgeni mpe kama zilivyokuja."

"Zile chapwa?"

"Zile."

Kisha Kwangu akauliza kwa adabu sana kama mama anajisikia vizuri.

"Najisikia vizuri. Fanya hivyo, mwanangu."

Alipokata simu Gaudensia alikuwa amemkabili. Akamwambia haelewi. Kuna nyama kilo nne kwenye jokofu, kuna muda wa saa sita kabla mgeni hajafika Musoma. Wapike upya. Butiama ibaki na ile ya Kwangu, Musoma iwe safi, Bunda peke yake ndiyo iwe imeharibika. Mbili kwa moja. Hata shuleni mtu akipata mbili kati ya tatu anafaulu.

Faudhia akamweleza polepole, kama mtu anayekunja nguo. Yule mgeni hatafuti utamu. Utamu aliukuta alipokuja mara ya kwanza, mwezi uliopita, akasema sawa. Leo anatafuta jambo moja tu, kama pai ya Bunda ndiyo ya Butiama na ndiyo ya Musoma. Bunda imeshaliwa haina chumvi, hilo haliwezi kurudishwa. Butiama ikiwa na chumvi, kuna tofauti, na mkataba umekufa hapohapo. Kama wamekosea, wakosee mahali pote.

"Kwa hiyo tumpe mtu chakula kibaya makusudi," Gaudensia alisema.

"Tumpe kilekile."

"Dada, umechoka."

"Nimechoka," Faudhia alikubali. "Lakini hesabu ni hiyo."

Gaudensia alikung'uta aproni. Akaenda kwenye meza ya unga. Unga wa kesho ulikuwa unangoja kukandwa. Faudhia alimfuata, akapandisha mikono ya gauni. Gaudensia akamsukuma kwa bega, si kwa nguvu. Akamwambia aende akaswali, Ijumaa haimngoji mtu.

Aliswali. Alipoinuka kutoka kwenye sijda aliegemea mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa umekataa.

Saa nane Kwangu alituma ujumbe. Mgeni ameshapita. Amekula nusu, nusu ameifunga. Hakusema kitu. Chini yake Kwangu aliongeza kwamba yule mwalimu ameahidi kutorudi.

Saa kumi na robo Luhende aliingia dukani Musoma, lile duka la karibu na soko. Alikuwa mtu mwembamba, shati limechomekwa vizuri, viatu vina vumbi la barabara ya Butiama. Faudhia na Gaudensia walikuwa wameshafika, wanamngoja. Alisalimia, akaomba pai moja, akakaa. Najat alimletea ikiwa moto.

Akala nusu. Alitafuna taratibu, kama anayesoma barua ndefu. 

Kisha alifungua mkoba, akatoa karatasi mbili. Ndani ya moja kulikuwa na nusu pai ya Bunda, ndani ya nyingine ya Butiama. Akazipanga mezani pamoja na ile ya Musoma, mstari mmoja. Kingo zilibanwa sawasawa, nyama imejaa sawasawa, rangi ileile.

"Mama Najat," alisema, "kazi hii naifanya mwaka wa tisa. Makosa nimeyaona. Lakini kosa lililotunzwa hivi, kilomita zote hizi bila kupungua wala kuongezeka, sijaliona."

Najat alicheka kidogo kwa hofu. Luhende naye karibu acheke.

Akasema kwa upande wa usawa, amefaulu. Kampuni inatafuta jiko linaloweza kutoa kitu kimoja mara tatu, na hili limeweza. Lakini lazima aandike sababu ya chumvi. Akainamia meza, akashusha sauti. Siku hizi wapo watu wengi wanaokimbia chumvi kwa ajili ya presha. Kama Mama Najat atasema ndiyo mapishi yake mapya, yeye ataandika ni mapishi mapya, na mashine itakuja wiki ijayo.

Nafasi ilikuwa hiyo. Neno moja tu, ndiyo.

Gaudensia alikuwa anatazama sakafu. Najat alikuwa anamtazama mama yake. Kifundo cha mkono kilikuwa kinapiga chini ya kitambaa kama kidonda kinachotunga.

"Si mapishi," Faudhia alisema. "Leo hatukuwa na mwonjaji."

Akamweleza yote. Ramadhani, Kwaresima, Makongoro na presha yake, yai la Kwangu. Hakumtaja aliyepaswa kutia chumvi. Alisema tu "sisi". Luhende alisikiliza mpaka mwisho bila kukatisha. Hadithi ilipofika kwa Makongoro alifunika mdomo kwa mkono.

Kisha akatoa fomu. Hapo uso wake ulibadilika, haukuwa mkali, ulikuwa wa mtu anayerudi kazini.

Akasema anashukuru ameambiwa ukweli, na ukweli hauvunji mkataba. Ila una utaratibu wake. Kampuni haikubali kosa la "sisi". Kosa linaandikwa jina la mtu mmoja. Mtu huyo hataingia jikoni wala kugusa chakula kwenye duka lolote lenye jina hili kwa mwaka mzima. Asipoandikwa mtu, hakuna mkataba. Akageuza fomu, akaweka kalamu juu yake.

"Nani alipaswa kuonja?"

Kila mtu mle dukani alijua jibu. Gaudensia ana watoto wanne Majita, mkubwa wao Bernado yuko kidato cha tatu. Mume wake alikwenda Rukuba kuvua miaka sita iliyopita, akapata mke mwingine kisiwani, hakurudi. Jiko la Nyakato ndilo shamba lake na ndilo mtumbwi wake.

Gaudensia alifungua kinywa.

"Subiri," Faudhia alimwambia.

Aliichukua kalamu kwa mkono wa kulia, ikamponyoka. Akaishika kwa mkono wa kushoto. Akaandika polepole, herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua muda.

Luhende alisoma.

"Hili ni jina lako."

"Najua."

"Mwaka mzima, mama. Hata kubana ukingo mmoja hapana. Jina litabaki lako kwenye maboksi, lakini jikoni huingii."

Faudhia akasema ameelewa. Jiko ni lake, utaratibu wa kutia chumvi ni wake, na yeye ndiye aliyeshindwa kukumbuka kalenda ya mtu anayefanya naye kazi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayetua mzigo bila kujua kama huko anakoutua ndiko.

Najat alianza kulia. Faudhia akamwambia aende akapange mezani pai za futari, na kila mteja ampe chumvi kwenye karatasi, na amweleze kwa nini.

Luhende aligeuza ukurasa. Kulikuwa na nafasi ya jina lingine, la atakayeshika jiko kuanzia kesho. Faudhia alidhani ataulizwa. Alikuwa ameshaanza kufikiri nani anajua nini, nani anaweza kuamka saa ngapi.

Hakuulizwa. Luhende alisukuma kalamu mpaka ng'ambo ya meza, mbele ya Gaudensia.

Gaudensia alifuta mikono kwenye aproni. Akasaini. Hakuuliza fomu inasemaje, hakuuliza asaini wapi.

"Asante, Mama Bernado," Luhende alisema akifunga mkoba. "Imekuwa kama tulivyoongea Jumatano."

Akasimama, akaaga, akatoka. Ninavyoona mimi, hakujua amesema nini.

Faudhia alibaki ametazama mahali alipokuwa amekaa yule mtu. Nje, wanunuzi wa futari walikuwa wameanza kusimama mmoja nyuma ya mwingine, vikapu mkononi, kila mmoja akichungulia jua.

"Jumatano," alisema.

Gaudensia hakukana. Alisema alimpigia Luhende simu siku ya Majivu, akitoka kanisani. Namba aliipata kwenye kadi iliyobandikwa ukutani jikoni. Alimwomba kama upo utaratibu wowote, wa kampuni, wa mkataba, wowote ule, wa kumtoa Mama Najat kwenye meza ya unga. Maana mashine ikija asingeiacha ifanye kazi. Angesimama pembeni yake akande na yeye. Luhende alimtajia huu wa kosa na jina la mtu mmoja.

"Nimekuona unashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai," alisema. "Unageuka ukutani ili tusikuone. Tunakuonaga, dada. Wote."

Miguu ilikuwa inamuuma Faudhia, mkono unamuuma, na kiu ya siku nzima ilikuwa imekaa kooni. Hakuweza kujua kama anachokisikia ndani ni hasira au ni ule usingizi aliokuwa anaudai tangu mwezi wa kumi na moja. Alimtazama mwanamke huyu waliyefanya naye kazi miaka tisa, ambaye hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuiba hata ganda la kitunguu.

Ndipo swali likaja, taratibu, kama maji yanayoingia chini ya mlango.

"Gaudensia."

"Abee."

"Hukukumbuka mimi nimefunga? Ulijua siwezi kuonja. Ulijua na wewe huwezi. Umekaa na nyama ile tangu saa kumi na moja alfajiri, ukaniuliza baada ya gari kuondoka." Alipumua. "Ile chumvi."

Gaudensia alivuta zile nusu tatu za pai, akaziweka kwenye karatasi moja, akaikunja pembe kwa pembe. Alikwenda kaunta, akajaza kikombe maji, akachagua tende tatu, akarudi akaviweka mbele ya Faudhia, upande wa mkono wa kushoto.

"Jua likizama, futuru kwanza, dada," alisema. "Nitakuambia ukishakunywa maji."